Medalioni ya sura: mwongozo kamili, kutoka picha ya familia hadi bamba la ukutani

Mwezi wa kumi ukiingia, mafundi wa Moshi na Arusha wanaanza kutafutwa. Desemba inakaribia, watu wa Kilimanjaro watarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na familia inataka kaburi la babu pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, liwe na kitu zaidi ya vigae na jina. Au shule inatimiza miaka hamsini na wazee wa bodi wanataka sura ya mwalimu mkuu wa kwanza ukutani. Au chama cha msingi cha kahawa kimekumbuka kwamba mwenyekiti wake wa zamani hana hata picha ofisini.

Medalioni ninayoizungumzia ni bamba la duara, upana wake kama sentimita 30, lenye sura ya mtu iliyoinuka kidogo tu juu ya usawa wake. Ni kazi anayoiweza mtu mwenye subira na mikono mizuri hata kama hajawahi kuifanya, na gharama yake si kubwa. Nimewaandikia pia wanaoagiza, kwa sababu kazi hii huharibikia kwenye kikao cha kamati mara nyingi kuliko inavyoharibikia kwenye udongo.

Hatua ya 1: Amueni ajulikane vipi

Medalioni ni ndogo, inadumu, na inaweza kutolewa nakala nyingi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoipa nguvu. Baada ya miaka arobaini, wajukuu hawatamjua babu kwa mambo mengi aliyokuwa nayo. Watamjua kwa hiyo sura moja mliyoichagua. Kwa hiyo kaeni kwanza.

Historia ina mifano ya kutosha ya watu waliolijua hili. Benjamin Franklin alifika Ufaransa mwishoni mwa 1776 kuiombea Marekani msaada wa vita. Mwaka uliofuata mchongaji Jean-Baptiste Nini akatoa medalioni yake ya udongo wa kuchoma, Franklin akiwa amevaa kofia ya manyoya badala ya wigi la kiungwana. Kofia ile ilimtangaza kuwa mtu wa kawaida kutoka nchi changa, mwenye akili na asiye na makuu. Medalioni zikasambaa, na mwaka 1779 alimwandikia binti yake kwamba uso wake sasa unajulikana kama uso wa mwezi. Vazi moja, lililochaguliwa vizuri, lilifanya kazi ya ubalozi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1787, kiwanda cha Josiah Wedgwood huko Uingereza kilitoa medalioni ndogo ya kupinga biashara ya watumwa: Mwafrika mwenye minyororo, amepiga goti, amekunja mikono akiomba. Watu waliivaa kwenye bangili na pini za nywele, na iliisaidia sana harakati ile. Naiheshimu kazi iliyofanya. Lakini mtu yule hana jina, na amepiga goti. Waliokuwa wakitoroka na kuasi mashambani hawakuonekana kwenye medalioni ile, na picha ya Mwafrika anayeomba ikakaa vichwani mwa watu muda mrefu baada ya minyororo kukatwa. Ndiyo maana nasisitiza sana mkao wa mwili. Kichwa kilichoinama kidogo tu kinabadilisha kila kitu.

Hapa kwetu sura za chuma zilitangulia kuja na watawala. Rupia za Kijerumani zilibeba kichwa cha Kaisari Wilhelm II chenye helmeti iliyotua tai juu yake. Mtu huyo hakuwahi kukanyaga Moshi, lakini uso wake ulikuwa ukipita mikononi mwa watu wakati Mangi Meli, mtawala wa Kichagga, aliponyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikabeba kichwa cha mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba upande wa pili. Kisha mwaka 1966 zikaja sarafu za Tanzania zenye Mwalimu Nyerere, kichwa kitupu, bila taji wala helmeti, na nyuma ya shilingi moja mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Aliyezoea kuona wafalme kwenye fedha alielewa bila kuhutubiwa.

Basi kamati ijibu maswali manne, na majibu yaandikwe:

Umri gani? Mtu akifa na miaka 84, picha iliyo karibu ni ya mwisho, na mara nyingi ni ya ugonjwa. Mchagueni katika umri aliofanya kazi mnayomkumbukia. Mwalimu aliyeanzisha shule akiwa na miaka 35 awe na miaka 35, hata kama wanaoagiza walimjua akiwa mzee.

Vazi gani? Suti ya harusi ya mtoto wake haimwelezi mkulima wa kahawa. Shati lililofunguliwa kifungo cha juu, kofia aliyoivaa kila siku, kilemba cha mama, shuka la mzee wa Kimasai au Kimeru: hivyo ndivyo jirani atakavyomtambua kabla hajasoma jina.

Anatazama wapi? Sura ya upande ni ya heshima na ya kudumu, ndiyo maana sarafu huipenda. Sura iliyogeuka nusu ni ya karibu zaidi, kama mtu anayetaka kuongea nawe, lakini ni ngumu zaidi kuijenga. Sura ya mbele kabisa naikataa kwa fundi anayeanza, kwa sababu pua kwenye bamba la kina kifupi hubonyea na uso hugeuka kinyago.

Itakaa wapi? Jibu hili linaamua kina cha mchongo na aina ya malighafi. Nitalirudia mwishoni.

Jambo jingine la kuamua mezani ni nakala. Ngapi zitatolewa, nani atatunza kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala, nani ana ruhusa ya kuitumia tena? Wekeni sahihi. Mwenye kalibu ndiye mwenye uso wa mtu wenu, na uso huo unaweza kesho kuonekana kwenye kalenda, kanga au bango la kampeni. Na kama mnafuata picha iliyopigwa studio, mtafuteni mpiga picha au warithi wake mwombe idhini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha pia.

Kama anayeagizwa ni mtu aliye hai na yuko madarakani, ushauri wangu ni kungoja. Sura inayoagizwa na watu wanaomwogopa au wanaomtegemea mtu haiwezi kuwa ya kweli, na fundi atasumbuliwa mpaka amfute kila kunyanzi.

Hatua ya 2: Kusanya picha, siyo picha moja

Familia italeta picha ya pasipoti, ya mbele, iliyokuzwa mpaka ikapoteza ncha. Ipokee kwa shukrani, kisha omba nyingine. Unahitaji angalau moja ya upande. Sehemu nzuri ya kuitafuta ni video ya harusi au ya kipaimara: mpiga video huzunguka meza kuu, na mzee aliyekaa pale ameonekana upande bila kujua. Simamisha video, piga picha kioo.

Jihadhari na picha za simu zilizopigwa karibu. Mtu akipigwa kwa umbali wa mkono mmoja, pua huongezeka na masikio hurudi nyuma. Picha iliyopigwa kutoka mita mbili au tatu ndiyo ya kupimia. Hizo nyingine zitumie kuona ngozi, kunyanzi na tabia ya mdomo.

Picha ya upande ikikosekana kabisa, uliza ni mtoto au mjukuu gani anayefanana naye kichwa, na umpige picha huyo. Umbo la fuvu, paji la uso na taya hurithiwa. Ukienda kumpiga, salimia vizuri na ueleze unachokifanya. Nimeona wazee wakilia kwa furaha kusikia kwamba kichwa cha baba yao kinatafutwa kwenye kichwa chao.

Peleka picha iliyochaguliwa steshenari ikatolewe kwa ukubwa halisi wa kazi. Kwa bamba la sentimita 30, kichwa kiwe na urefu wa sentimita 17 mpaka 19 hivi, ili nafasi ya maandishi ibaki.

Hatua ya 3: Soma sarafu

Kabla ya kugusa udongo, toa mfukoni shilingi 50 yenye Mzee Mwinyi, shilingi 100 yenye Mwalimu na shilingi 200 yenye Mzee Karume. Zima taa ya dari. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga upite juu ya uso wa sarafu ukiukwaruza. Sasa zungusha sarafu taratibu.

Utaona kwamba kina chote hakifiki hata milimita moja, lakini shavu lipo, taya ipo, kola ya nguo ipo. Fundi hakuchimba sana, alipanga. Kila kitu kimebanwa kwa uwiano, kilicho karibu na mtazamaji kiko juu, cha mbali kiko chini, na kati yao kuna miteremko laini inayoshika mwanga. Tazama jinsi ukingo wa nje wa uso unavyokutana na bamba: mahali pengine ni mkali, mahali pengine umeyeyuka. Fanya zoezi hili mpaka uweze kusema bila kutazama ni sehemu gani ya kichwa iko juu kuliko zote. Mifano ya sarafu kwa kawaida hujengwa mikubwa kwanza kisha mashine huipunguza, kwa hiyo usiogope kujenga kikubwa hata kama mnataka beji ndogo.

Hatua ya 4: Udongo na ubao

Udongo mzuri wa mfinyanzi unapatikana kwa wafinyanzi wanawake wa Upare, hasa Usangi, wanaofinyanga vyungu tangu enzi za bibi zao. Nunua ulioandaliwa, usichimbe mwenyewe kandokando ya mto ukadhani umeokoa fedha. Uchekeche, ukande mpaka hewa itoke, uuhifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Kilo nane zinatosha bamba moja na akiba.

Kata plaiwudi ya milimita 18, mraba wa sentimita 40, uipake vanishi pande zote ili isinyonye maji ya udongo. Pigilia misumari mifupi hapa na pale, vichwa vyake vibaki nje kidogo, ili udongo ushike. Tandaza udongo wa unene wa sentimita 2 na uusawazishe kwa rula ndefu inayoteleza juu ya vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa. Chora duara kwa bikari au kwa uzi na msumari. Ubao usimame wima au ulale nyuma kidogo, kama utakavyokaa ukutani. Anayejenga sura juu ya ubao uliolala mezani anaijenga kwa mwanga usio wake.

Weka karatasi ya picha juu ya udongo na utoboe vitundu kwa sindano kufuata mstari wa nje wa uso, jicho, sikio na kola. Toa karatasi, unganisha vitundu.

Hatua ya 5: Kujenga sura

Hapa usiharakishe. Nitaeleza sura ya upande, maana ndiyo ya kuanzia.

Anza na fuvu. Wanaoanza wengi hukata kisogo. Ukipima kichwa cha mtu kwa upande, umbali kutoka paji la uso hadi kisogo unakaribia urefu wa kutoka utosini hadi kidevuni, na kwetu wenye nywele fupi kisogo hakina pa kujificha. Jaza umbo lote la kichwa kwa udongo wa unene wa milimita 5 hivi, bila jicho wala mdomo, ukate mstari wa nje mpaka mtu aliyemjua mhusika aseme jina kwa kuona kivuli hicho tu. Usipite hapa kabla hajasema.

Kisha pandisha vilima vyake. Kwa sura ya upande, mfupa wa shavu, ubavu wa kichwa karibu na panja, na ukingo wa sikio ndivyo vilivyo karibu na wewe, kwa hiyo ndivyo vinavyoinuka zaidi, kama milimita 18 kwa bamba la ukubwa huu. Pua na kidevu viko kwenye mstari wa katikati ya uso, mbali zaidi na wewe, kwa hiyo vibaki chini, milimita 6 mpaka 8. Fundi anayeanza hufanya kinyume: anaipandisha pua kwa sababu ni pua. Bega lililo mbele lingestahili kupita hata shavu, lakini lipunguze kwa makusudi, libaki chini, ili macho ya mtazamaji yaende usoni.

Jicho kwa upande halina umbo la kokwa ya embe kama tunavyolichora kwa mazoea. Ni pembe tatu iliyolala, ncha ikielekea sikioni. Kope ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, na jicho lote limekaa nyuma ya daraja la pua. Jenga tufe la jicho kwanza kama gololi ndogo iliyozama, halafu ifunike kwa kope mbili za udongo mwembamba. Usitoboe tundu la mboni mpaka mwisho, na likiwezekana usilitoboe kabisa. Kope iliyojengwa vizuri huleta kivuli kinachotosha.

Pua na midomo zipime kwa bikari kwenye picha, kila mara. Vitabu vingi vya uchongaji tunavyopata vimechorwa kwa nyuso za Ulaya, na mkono unaovifuata unarefusha pua na kupunguza midomo bila mwenyewe kujua. Mdomo usiuchore kwa mstari. Jenga mdomo wa juu na wa chini kama maumbo mawili yanayokutana, mstari utatokea wenyewe. Pembe ya mdomo ndiyo yenye tabia ya mtu: mwenye utani, mkali, mvumilivu. Kaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Sikio: juu yake liende sambamba na nyusi, chini yake lifikie usawa wa chini wa pua, na lote liinamie nyuma kidogo. Liko nyuma ya taya.

Nywele zetu zina kanuni yake. Usichore unywele mmoja mmoja, wala usijaze vitone vya ukubwa sawa kichwa kizima kama chekecheke. Jenga kwanza uzito wa nywele, ona zinavyopungua panjani na shingoni, kisha piga umbile juu yake kwa brashi ngumu au kipande cha gunzi, kwa nguvu juu na taratibu kwenye kingo. Kipara kiache laini kabisa, kitang'aa kuliko sehemu zote na kitampendeza mjane. Kwa mama mwenye kilemba, fuata mikunjo mitatu au minne mikubwa inayobeba kitambaa, midogo iache.

Kunyanzi? Weka zinazotokana na kicheko na kazi. Za ugonjwa ziache. Huko siko kudanganya, kwa sababu ugonjwa haukuwa yeye. Lakini kovu alilokuwa nalo tangu ujana, jino lililotokeza, sikio lililochanika la mzee wa Kimasai, hivyo viweke vyote. Familia ikikuomba uviondoe, zungumza nao kwa upole, waulize mjukuu atamtambuaje.

Wakati wote hakikisha hakuna sehemu iliyochimbika kwa ndani, yaani mahali ambapo ukishusha sindano wima, ukuta unaingia chini ya ukingo. Jasi itakwama hapo. Kila ukuta uwe na mteremko kuelekea nje. Funika kazi kwa kitambaa chenye maji na nailoni kila unapoondoka.

Hatua ya 6: Maandishi

Jina, miaka, na mstari mmoja mfupi wa kazi yake. Basi. Bamba lenye sifa nane halisomwi. Herufi kubwa, urefu usiopungua milimita 12 ili zisomeke kutoka mita mbili. Zipange kwa karatasi kwanza kuzunguka duara, na upime nafasi kwa jicho, kwa maana A na V zikifuatana huacha pengo ambalo rula haioni.

Tumia jina na heshima ambayo watu walimwita: Mwalimu, Mangi, Mama, Mzee, Mchungaji, Bibi. Kuhusu miaka, wazee wetu wengi walizaliwa bila cheti. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, usikubali kubuni. Andika mwaka wa kufariki peke yake, au miaka aliyoitumikia shule. Tarehe iliyochongwa hugeuka ushahidi, na mjukuu atainukuu.

Mwombe mtu ambaye hakuhusika asome kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla hujamimina.

Hatua ya 7: Waite wenye mtu wao

Walete watu watatu au wanne, wasizidi: mjane au mume, mtoto mmoja, rafiki wa kazini. Washa mwanga wa pembeni. Kaa kimya. Usiwaulize "mnaonaje?", kwa kuwa kwa adabu watasema ni nzuri. Uliza, "Mama, hapa anafikiria nini?" Akijibu, "Hapa anataka kumkemea mtu," una jibu lako: ama ndivyo alivyokuwa, ama nyusi zimeshuka mno. Angalia pia kidole kinapokwenda. Mtu akigusa shavu mara mbili, kuna tatizo kwenye shavu au karibu nalo, hata kama anasema ni mdomo. Mmoja kati yao awe ndiye anayeamua, na atie sahihi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Kalibu ya jasi

Jasi ni mali ya mkoa wa Kilimanjaro. Makanya, wilayani Same, inachimbwa. Kwa kalibu utatumia unga uliokwisha kuchomwa na kusagwa, ule wanaouita jipsamu mafundi wa dari. Soma mfuko: jasi yenye gundi ya kuziba maungio haifai.

Zungushia udongo wako ukuta wa bati jembamba au plastiki, uliopita sehemu ya juu kabisa ya sura kwa sentimita 3. Ziba kila mwanya. Kwa bamba la sentimita 30 andaa maji lita 2 na nusu na unga kilo 3 na nusu. Unga unaingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Unyunyize kwa mkono mpaka uonekane kama kisiwa juu ya maji, uache unywe kwa dakika moja au mbili, ndipo ukoroge taratibu bila kuingiza hewa.

Sehemu ya kwanza itie rangi kidogo ya unga, uirushe kwa brashi na vidole kwenye uso wote, ukipuliza ili iingie kwenye jicho na herufi. Inaposhika, mimina iliyobaki juu yake pamoja na vipande vya gunia au katani kwa nguvu. Rangi ile itakusaidia baadaye: ukilazimika kuvunja kalibu kwa patasi, ukiona rangi unajua sura iko milimita chache tu mbele. Jasi itapata moto, kisha itapoa. Baada ya saa moja geuza, toa udongo kwa vidole na kijiti cha mti, osha kwa brashi laini. Udongo hautarudi kuwa sura, kwa hiyo hakikisha kabla kwamba umepiga picha zake.

Sasa una sura iliyozama. Herufi zilizofifia unaweza kuzikaza hapa kwa ncha kali. Kumbuka zinasomeka kinyumenyume.

Iache ikauke mahali penye upepo, kivulini. Kiangazi ni wiki moja hivi. Masika, Machi hadi Mei, hesabu zaidi ya mara mbili ya hapo, na ndiyo sababu kazi ya Pasaka ianze Januari.

Hatua ya 9: Kumimina

Nakala ya jasi ni ya ndani ya nyumba tu, lakini itoe hata kama lengo ni chuma, kwa sababu ndiyo utakayoirekebisha na kuitunza kama asili. Yeyusha sabuni ya mche kwenye maji ya moto, paka kalibu mara tatu ukifuta povu, kisha mimina jasi. Bila sabuni, jasi mbili zitaungana zikawa jiwe moja.

Kwa nje, mafundi wa faiba wanaotengeneza bampa na matangi watakumiminia resini iliyochanganywa na unga wa marumaru au wa shaba. Ni nyepesi, haina soko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa makaburi na kuta za nje mimi huichagua kabla ya chuma. Kazi hiyo ifanyike penye hewa, na barakoa ya kemikali.

Ukitaka chuma, nenda kwa mafundi wanaosubu masufuria. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi na wanaijua vizuri. Wape nakala ya jasi iliyopakwa vanishi mara kadhaa, waigandamize kwenye mchanga wao. Chuma hunywea kinapopoa, alumini kama milimita 4 kwa bamba la sentimita 30, kwa hiyo kama kuna shimo maalumu la kuwekea, jenga sura kubwa kidogo tangu mwanzo. Shaba ya njano, ya koki na vitasa vya zamani, hutoa rangi nzuri zaidi lakini inataka nyuzi 900 na zaidi, na moshi mweupe unaotoka ni wa zinki, unaleta homa kali. Iyeyushwe uwanjani, watu wasimame upepo unakotoka. Mchanga au kalibu yenye unyevu ikikutana na chuma cha moto hulipuka. Asisogee mtu mwenye kandambili.

Baada ya kusubu, toa mabaki kwa tupa na msasa, ukianza mkali mpaka mlaini. Usiguse jicho wala mdomo kwa mashine.

Hatua ya 10: Rangi

Alumini na shaba mpya hung'aa mno mpaka sura haionekani. Paka rangi ya viatu nyeusi au ya kahawia kila mahali, iache ikauke kidogo, kisha futa sehemu zilizoinuka kwa kitambaa. Weusi utabaki kwenye mikunjo na kuizungumzisha sura. Maliza kwa nta. Resini na jasi hufuata njia hiyo hiyo kwa rangi ya maji na vanishi isiyong'aa. Rangi ya dhahabu ya kopo nawaomba muiache.

Hatua ya 11: Ukutani

Arusha na Moshi ziko kama nyuzi 3 kusini ya ikweta, na hilo lina maana kwa kazi yako. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua takriban kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba. Unaotazama kusini hupigwa miezi iliyobaki. Mchana jua linakuwa karibu utosini, kwa hiyo mwanga unateremka ukutani ukiukwaruza mchongo kutoka juu. Ni mwanga mzuri kuliko wote kwa medalioni, isipokuwa nyusi zikiwa zimetokeza sana, jicho litazama gizani saa sita. Kwa ukuta wa namna hiyo punguza kina cha jicho tangu kwenye udongo. Ukuta wa mashariki ni mzuri kwa shule, watoto wanapoingia asubuhi sura imeamka. Chini ya veranda yenye kivuli sawa pande zote, mchongo wa kina kifupi hupotea. Weka taa ndogo pembeni.

Katikati ya bamba pawe sentimita 160 kutoka chini, kwenye usawa wa macho ya mtu mzima. Likipanda zaidi ya mita mbili, linamishe mbele kidogo. Tumia skrubu za stenlesi tatu au nne, zipite kwenye plagi ndani ya tofali, na uache mwanya wa milimita 5 nyuma ili maji ya mvua yateremke yasikae. Bamba la chuma mahali pa wazi lizamishwe ukutani kwa nondo zilizochomelewa nyuma na kumiminiwa zege; lililofungwa kwa skrubu za mbele litaondoka usiku mmoja likauzwe kwa kilo.

Kalibu na nakala ya jasi zifungwe kwa gazeti na nailoni, ziandikwe jina la mtu, mwaka na jina la anayezimiliki kwa mujibu wa makubaliano yenu, ziwekwe juu ya rafu mahali pakavu. Sakafuni zitavuta unyevu na kuota ukungu kabla ya masika kwisha.